Kupiga Hodi kwa Mashine Ngeni: Somo la Vidhibiti vya Viwandani kwa Darasa la Sita

Mada ya mashine katika sayansi ya shule za msingi huanza na nyenzo, roda na mteremko, na mara nyingi huishia hapo. Hatuna ugomvi na mambo hayo, kwani ndiyo msingi. Lakini mwanafunzi wa Darasa la Sita anayeishi karibu na kiwanda cha sukari, au ambaye kijiji chake hupata maji kutoka kisima chenye pampu ya umeme, amekwisha kuona jambo ambalo nyenzo na roda hazilielezi. Pampu inanguruma usiku wa manane bila mtu kuigusa. Tangi likijaa, inanyamaza. Fundi akifika asubuhi hashiki spana, bali anafungua kabati dogo la ukutani, anachomeka waya wa kompyuta yake na kutazama namba. Mwanafunzi huyo akimwuliza mwalimu wake fundi yule alikuwa akifanya nini, mwalimu hana budi awe na la kumjibu.

Katika makala haya tutaeleza kwanza yale ambayo mwalimu mwenyewe anapaswa kuyaelewa juu ya vidhibiti vya viwandani na namna fundi anavyowasiliana na kidhibiti asichokijua. Kisha tutaonyesha jinsi ya kuyafundisha hayo kwa chupa ya maji, rula na visanduku vya viberiti. Wako wenzetu vyuoni wanaoona kwamba mada hii ni ya shule za ufundi. Sisi hatukubaliani nao. Kiini cha mada hii si umeme wala kompyuta, bali ni utaratibu wa kukikabili kitu usichokijua: nini kiulizwe kwanza, nini kisomwe, na ni lini mtu ana haki ya kugusa. Utaratibu huo unamfaa mtoto hata kama hatatia mguu kiwandani maisha yake yote.

Kidhibiti ni kitu gani

Hadi miaka ya 1960 mashine kubwa za viwandani ziliongozwa na makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi ndogo zinazovutwa na sumaku ya umeme. Kiwanda kilipotaka kubadili mpangilio wa kazi, mafundi walilazimika kufungua nyaya na kuziunga upya. Mwaka 1968 idara ya Hydra-Matic ya kampuni ya magari ya General Motors, huko Marekani, ilieleza kuwa inahitaji chombo cha kielektroniki kitakachoshika nafasi ya makabati hayo. Kampuni ndogo ya Bedford Associates ya Massachusetts, ambamo alikuwamo mhandisi Richard Morley, ilitengeneza chombo kilichoitwa Modicon 084. Namba hiyo ilitokana na ukweli kwamba huo ulikuwa mradi wa 84 wa kampuni hiyo. Tangu hapo mpangilio wa kazi ya mashine ulitoka katika nyaya ukaingia katika programu, na programu hubadilishwa kwa kuandika.

Kidhibiti hufanya mambo matatu kwa zamu, tena bila kupumzika. Husoma habari kutoka kwenye vihisi. Hupitia maagizo ya programu yake na kuamua. Kisha hutoa amri kwa mota, vali na taa. Kikimaliza huanza upya, na mzunguko mmoja huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Katika mfano wetu wa tangi, kihisi hupima kina cha maji, programu hulinganisha kina hicho na kiwango kilichowekwa, na amri hutoka ya kuwasha pampu au kuizima. Habari zote hizo, yaani kina, kiwango na hali ya pampu, hukaa ndani ya kidhibiti kama namba katika sehemu ziitwazo rejista. Darasani tutaziita visanduku.

Mwalimu asipite hapa kwa haraka. Lazima wanafunzi waone kwamba namba iliyomo katika kisanduku si sawa na alama iliyomo katika daftari la mahudhurio. Ukifuta alama ya mtoto katika daftari, mtoto hatoweki darasani. Ukibadili 0 kuwa 1 katika kisanduku cha pampu, pampu inazunguka. Na kama kuna mtu aliyekuwa akiitengeneza, vidole vyake vimo hatarini. Kwa sababu hiyo hiyo, mashine iliyosimama si lazima iwe imezimwa. Huenda inangoja tu maji yashuke. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi kuona kituo cha pampu awaambie jambo hili kabla ya kuondoka shuleni, wala asingoje wafike mlangoni. Mafundi wenyewe, kabla ya kuingiza mkono, hukata umeme kwenye swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwa yule anayefanya kazi.

Anwani

Kidhibiti kimoja peke yake chaweza kuunganishwa na kompyuta kwa kebo moja. Kiwandani, hata hivyo, vidhibiti ni vingi, na vyote huungana katika mtandao kwa kupitia swichi za mawasiliano. Ili ujumbe umfikie anayehusika, kila chombo hupewa anwani. Katika mitandao mingi ya leo anwani ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.0.10. Pamoja nayo huandikwa namba ya pili, kama vile 255.255.255.0, inayoonyesha ni sehemu gani ya anwani ni jina la mtaa na ni sehemu gani ni namba ya nyumba. Katika mfano huu 192.168.0 ni mtaa, na 10 ni nyumba. Kompyuta ya fundi isiyokuwa katika mtaa huo haitasikiwa na kidhibiti, hata kama kebo imechomekwa vizuri na taa za soketi zinamweka.

Kuna hatari moja ambayo wanafunzi huielewa upesi sana. Fundi mgeni akiipa kompyuta yake anwani ambayo tayari ni ya kidhibiti fulani, ujumbe uliokusudiwa kwenda kwa kidhibiti waweza kupotelea kwake. Ita jina la Juma katika darasa lenye akina Juma wawili, uone. Kwa hiyo fundi mwangalifu haokoti namba kichwani mwake, bali huomba nafasi iliyo wazi kwa yule anayetunza orodha ya anwani za kiwanda.

Utaratibu wa fundi

Tuseme sasa fundi ameitwa kwenye kiwanda asichokifahamu, akutane na kidhibiti ambacho hajapata kukiona. Kompyuta mpakato anayo begani. Jambo la kwanza analofanya ni kuiacha begani. Humwendea msimamizi wa zamu, humsalimu, na humwuliza mashine hii inafanya kazi gani, sasa hivi inaendelea na nini, na nani ataathirika ikisimama. Majibu hayo hayamo katika waya wowote. Baada ya hapo hufungua kabati na kusoma kibandiko kilichobandikwa juu ya kidhibiti, chenye jina la mtengenezaji na namba ya aina. Hutazama taa. Vidhibiti vingi vina swichi ya ufunguo yenye nafasi ya kuendesha na nafasi ya kuingiza programu. Fundi huandika katika daftari lake swichi ameikuta nafasi gani, wala haigeuzi. Hutafuta michoro ya nyaya, ambayo mara nyingi huwekwa katika mfuko nyuma ya mlango wa kabati.

Ndipo hutoa kompyuta. Na hapa desturi yetu ya kubisha hodi yatufaa kuliko maelezo marefu, kwani mawasiliano ya mtandao huanza hasa kwa namna hiyo. Kompyuta hutuma ujumbe mfupi kwenye anwani: hodi. Kidhibiti hujibu: karibu. Kompyuta hujibu: nimekaribia. Hapo tu ndipo mazungumzo huanza. Nyumba moja aidha yaweza kuwa na milango mingi yenye namba, na kila mlango una lugha yake, ambayo wataalamu huiita itifaki. Itifaki ya Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na hadi leo yatumika sana, husikilizwa kwenye mlango namba 502. Vidhibiti vingi vya Siemens husikiliza lugha yao kwenye mlango namba 102. Hii ndiyo sababu fundi alisoma kibandiko kwanza: alitaka kujua abishe mlango upi na aseme lugha gani.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini fundi asibishe milango yote ya nyumba zote kwa mara moja, ajue upi utafunguliwa? Programu za kufanya hivyo zipo, na katika ofisi za kawaida hazileti madhara makubwa. Kiwandani ni jambo jingine. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake wa usalama wa mifumo ya viwandani wa mwaka 2011, imeeleza tukio ambamo hodi za namna hiyo zilipigwa katika mtandao ulioendesha mikono ya roboti yenye urefu wa futi 9. Mkono mmoja, ambao kidhibiti chake kilikuwa kimepumzika, uliamka na kuzunguka nyuzi 180. Aliyekuwamo chumbani hakuumia. Vidhibiti vingine vimetengenezwa kuhudumia wageni wachache waliozoeleka. Vikibishiwa hodi ovyo hupumbaa.

Lipo jambo la kushangaza zaidi, nasi tunapenda mwalimu alitaje waziwazi. Itifaki ya Modbus ya mwaka 1979 haimwulizi mgeni jina wala neno la siri. Anayefika mlangoni na kusema lugha hiyo anaweza kusoma, na anaweza pia kuandika. Wakati ilipotungwa, kebo ilikuwa ndani ya kiwanda na aliyeishika alikuwa mtu wa kiwanda. Leo mitandao imeunganika mbali, na kwa ajili hiyo viwanda huweka ulinzi mwingine mbele ya mlango huo. Lakini aliyekwisha kuruhusiwa kuingia ndani, kwa kiasi kikubwa, huzuiwa na adabu yake mwenyewe tu.

Kusoma visanduku

Mlango umefunguliwa, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Katika Modbus kuna visanduku vya aina nne. Aina mbili hubeba 0 au 1 tu, na aina mbili hubeba namba kuanzia 0 hadi 65,535. Katika kila jozi, aina moja ni ya kusomwa tu, na nyingine yaweza pia kuandikwa. Hakuna kisanduku kilichoandikwa juu yake 'kina cha maji'. Fundi asiye na orodha ya mtengenezaji wa mashine huona namba zisizo na majina.

Mtego wa kwanza ni wa kuhesabu. Vitabu vingi huita kisanduku cha kwanza namba 1, lakini ujumbe unaopita katika waya hukiita namba 0. Fundi asiyejua hilo hukosea kwa nyumba moja kila mara, husoma cha jirani na kusadiki kuwa ndicho. Watoto wetu wana mfano ulio tayari: akrabu fupi ya saa ya ukutani ikielekea 7, sisi tunasema saa moja asubuhi. Saa haikukosea wala sisi hatukukosea; tumeanza kuhesabu mahali tofauti. Mwalimu aitumie saa ya shule.

Mtego wa pili wafaa kupelekwa katika kipindi cha hisabati. Namba iliyozidi 65,535 haienei katika kisanduku kimoja, kwa hiyo hugawanywa katika viwili: kimoja huhesabu mafungu ya 65,536, na kingine hushika baki. Tuseme mita ya maji imepitisha lita 70,000. Visanduku vitakuwa na 1 na 4,464, kwani 65,536 na 4,464 jumla yake ni 70,000. Lakini watengenezaji hawakubaliani kisanduku cha mafungu kitangulie au kifuate. Ukivisoma kinyume utapata mafungu 4,464 na baki ya 1, yaani lita 292,552,705. Wape wanafunzi hesabu zote mbili, kisha waulize ni ipi iliyopita katika bomba la kijiji tangu jana. Watacheka, na katika kicheko hicho wamejifunza kwamba jibu la mashine hupimwa kwa akili.

Hivyo ndivyo fundi anavyofanya. Akisoma 325 hasemi kuwa hicho ni kina. Hupanda akatazame kioo cha tangi. Kioo kikionyesha mita 3.25, amepata dalili. Hungoja maji yashuke, akasoma tena, akalinganisha tena. Mara moja inaweza kuwa bahati. Baada ya kusoma na kulinganisha, na baada ya kuweka nakala ya programu iliyomo iwapo ameruhusiwa, ndipo huenda kwa msimamizi wa zamu kueleza anataka kuandika nini, wapi, na kwa nini; na msimamizi huhakikisha kwanza kuwa hakuna mtu kwenye mashine.

Somo darasani

Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi. Tunapendekeza viwili vinavyofuatana. Zana ni chupa moja ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyo wima, yenye kimo cha sentimita 25, iliyokatwa shingo na kutobolewa tundu dogo karibu na kitako, beseni, kikombe, rula, visanduku vinne vya viberiti vilivyoandikwa A, B, C na D, vipande vya karatasi, na kanga ya kutenga meza.

Chupa na visanduku viwe nyuma ya kanga. Mwanafunzi mmoja ni Kidhibiti, na ndiye peke yake anayefungua visanduku. Mwingine ni Kihisi, anayesoma rula na kubadili karatasi za visanduku. Wa tatu ni Pampu: kila karatasi ya kisanduku B inapokuwa 1, humimina kikombe kimoja cha maji katika chupa. Wa nne ni Msimamizi wa Zamu, ambaye huketi mahali panapoiona chupa. Wengine wote ni mafundi wageni, wanaokuja mmoja mmoja kutoka upande wa pili wa kanga. Kila fundi ana karatasi nyeupe tatu za kusoma na nyekundu moja ya kuandika. Asiyepiga hodi hajibiwi.

Mchezo huenda hivi. 'Hodi!' 'Karibu.' 'Nimekaribia. Kisanduku A kina nini?' 'Mia moja na ishirini.' Fundi huandika na kuondoka. Yupo mwingine atakayekuja na karatasi nyekundu mara moja: 'Weka 1 katika kisanduku B.' Mwalimu asimzuie. Kidhibiti halazimiki kuuliza sababu. Huweka 1, Pampu humimina, na kama chupa ilikuwa karibu kujaa, maji humwagika mezani mbele ya darasa zima. Hapo mwalimu huuliza swali moja tu: nani katika chumba hiki aliyejua kuwa chupa imejaa, na aliulizwa?

Katika mazoezi ya kufundisha tumeona walimu-wanafunzi wakiharibu somo hili kwa njia mbili. Wengine huanza kwa kuandika ubaoni maana ya kidhibiti, maana ya mtandao na maana ya itifaki, wanafunzi wakanakili, na kengele ikalia kabla chupa haijatiwa maji. Maana hizo ziandikwe mwishoni, kwa maneno ya wanafunzi wenyewe. Wengine, kwa kuogopa fujo, huondoa maji na kutumia michoro. Sisi twaona ni afadhali sakafu ilowe. Hatari iliyochorwa haimwagiki. Vilevile mwalimu aangalie nani anayepewa kazi ya Msimamizi wa Zamu. Ni desturi mbaya kumpa kazi hiyo kiranja kila mara, na mtoto mpole aliyekaa nyuma akabaki mtazamaji.

Kwa upimaji, mwalimu awape wanafunzi zoezi hili waliandike nyumbani. Fundi mgeni alisoma visanduku vinne mara tatu, na kila mara akaenda kupima maji kwa rula:

Rula sentimita 12: A 120, B 0, C 27, D 48.
Rula sentimita 9: A 90, B 0, C 27, D 36.
Rula sentimita 6: A 60, B 0, C 28, D 24.

Waeleze kila kisanduku huenda kina nini, na watoe sababu. Wengi watasema A ni kina kwa milimita, nao watakuwa sahihi. B haijabadilika, na maji yanashuka tu, kwa hiyo yafaa kushukiwa kuwa ni pampu iliyosimama. Lakini kushuku si kujua, na atakayependekeza kuandika 1 ili kuona itakuwaje apewe sifuri kwa swali hilo. C yaweza kuwa joto la chumba, nalo laweza kuhakikishwa kwa kipimajoto. Kigumu ni D, inayoshuka pamoja na A. Wanafunzi watadhani ni kosa, au ni chupa ya pili. Mwalimu asiwaambie. Awakumbushe tu kwamba chupa ina kimo cha sentimita 25, na awaachie usiku mmoja. Atakayegundua kuwa D ni kina kile kile kwa asilimia ya chupa nzima aulizwe D itasoma ngapi A ikisoma 200, na jibu lake liwe 80.